Nabalayo Alikuwa Binti wa Nani

Siku mliyoniaga ofisini mlinikatia keki, mkanipa mwavuli mpya na blanketi, nikawashukuru. Kisha Wafula, ambaye hajawahi kuona sherehe akanyamaza, akanikabidhi karatasi alizochapisha kutoka kwenye mtandao. Zilikuwa habari za mama mmoja wa kibwanyenye wa huko Normandi, aliyeishi karne nyingi zilizopita, mke wa bwana mkubwa, akazikwa kwa heshima zote. Wasomi wa Ulaya wanabishana hadi leo kuhusu wazazi wake. Wako wanaompa mfalme awe baba yake, wako wanaosema alikuwa mtoto wa kambo tu, na wako wanaosema mfalme hakumjua hata kwa sura. Juu ya ukurasa wa kwanza Wafula alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mama Selina, huyu ungempata?"

Mlicheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani nilizisoma hadi mwisho, na nikakasirika kidogo. Kurasa zote zile, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wajomba wa wanawe walikuwa akina nani. Labda kwao si desturi. Mimi nilimfuatilia mama mwingine wa aina hiyo, wa hapa kwetu, mke wa mtu mkubwa na mwenye mababa wawili, na nilimpata. Kwa kuwa sasa nina muda, nitawaeleza nilivyompata. Majina ya watu nimeyabadilisha, na zile koo mbili nitaziita kwa mahali wazee wao walipo, Kamukuywa na Naitiri, ili msipotee njiani.

Niliingia ofisi ya wakili wetu hapa Kitale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa tayari mtu mzima, mjane, mzaliwa wa Saboti, na viatu vyangu vina matope ya Saboti. Kazi yenyewe haikuwa na jina. Mtu akifa ameacha shamba, mahakama inataka kujua ameacha na nani, na kila familia huleta orodha ambayo imesahau mtu. Kazi ilikuwa kumtafuta huyo aliyesahauliwa. Wakili aliiita kufuatilia. Bwana Ramadhani aliiita kuvuna viazi: unashika shina moja, unavuta polepole, na usipokuwa na haraka vyote vitakuja.

Bwana Ramadhani ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mzee wa mjini, nyumba yake iko nyuma ya msikiti, na alipoulizwa kabila lake alijibu, "Kitale." Siku yangu ya kwanza nilifika na kalamu tatu. Akaziweka kando. Akatoa sinia la bati, akafungua mikebe mitatu, akaniambia nimpangie jamaa zangu wote juu ya sinia: mahindi meupe ni wanaume, maharagwe ni wanawake. Nilipanga mpaka jasho likanitoka. Nilipomaliza aliangalia, akauliza, "Na ndengu?"

"Ndengu za nini?"

"Za walioondoka. Aliyehama, aliyekosana na baba, aliyeolewa mbali, aliyebadili dini. Hakuna familia isiyo na ndengu, mama. Ukiona sinia halina, ujue umedanganywa."

Nikakumbuka shangazi yangu aliyeolewa Uganda, ambaye kwetu hatajwi. Nikaweka ndengu moja. Akatabasamu, akaniagizia chai.

Aliniambia kwamba waliobaki nyumbani huwa wamekubaliana hadithi moja, wameinyoosha na kuipiga pasi. Aliyeondoka aliondoka na hadithi kama ilivyokuwa siku ile, na mikunjo yake yote. Jambo hili nimelijaribu miaka yote ya kazi na halijaniangusha. Na alinifundisha mengine ya kawaida: usiende kwa mtu mikono mitupu, beba majani ya chai na sukari, vaa gambuti hata kama jua linawaka, maana jua la Saboti halina msimamo, usikae kiti cha mwenye nyumba, na kama unataka kumjua ndugu wa kweli wa marehemu, nenda matangani siku ya kunyoa, ukae nyuma, uangalie ni kichwa cha nani kinanyolewa mapema na cha nani kinarukwa. Kesi moja ya Saboti niliimaliza hivyo, kwa kuangalia vichwa. Upande wa pili walileta wakili kutoka Eldoret mwenye mkoba wa ngozi. Hakuwa amehudhuria matanga.

Sasa nije kwa Nafula. Wengi wenu mnamjua kama mama mwenye duka la vitabu. Wakati ule alikuwa msichana anayetaipu kwenye ofisi yetu, vidole vyepesi, akicheka meza nzima inacheka. Asubuhi moja niliingia nikakuta mashine imenyamaza na yeye ameinamia meza.

"Mama Selina, wazee wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Harusi. Ati mimi na Wekesa ni ndugu."

Wekesa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole wa ukoo wa Kamukuywa. Walikuwa wamepanga mambo yao tangu chuoni. Nikamwuliza undugu umetoka wapi, akanieleza huku anafuta macho kwa karatasi ya kunakilia, uso ukabaki na alama za buluu.

Kwetu Wabukusu mtu haoi wala haolewi katika ukoo wa baba yake, wala wa mama yake, wala katika koo walikotoka nyanya zake wawili. Ukikiuka, wazee hawaji kwenye harusi, na watoto wenu wataangaliwa kwa jicho la pembeni kila wakishikwa na mafua. Sasa nyanya yake Nafula, mama ya baba yake, aliitwa Nabalayo. Huyu ndiye mama wetu wa kibwanyenye. Alikuwa mke mkubwa wa chifu wa enzi za mkoloni, alivaa viatu wakati wake za machifu wengine walikuwa wakikanyaga umande, na watu waliimba jina lake kwenye karamu. Alifariki zamani. Kila mtu alijua kwamba aliolewa akitoka Kamukuywa. Basi kama Nabalayo alikuwa binti wa Kamukuywa, Nafula hawezi kuolewa na Wekesa wa Kamukuywa, hilo halina mjadala.

"Lakini shangazi anasema," Nafula akanong'ona, "ati Kukhu, nyanya yangu, hakuzaliwa huko. Ati alifika Kamukuywa akiwa kwa mgongo ya mama yake. Ati baba yake wa kweli ni wa Naitiri."

"Nani mwingine anasema hivyo?"

"Hakuna. Baba akisikia anatupa kikombe."

Wakili alitoka ofisini kwake akatukuta tumeshikana mikono. Hakuuliza. Alisema tu kwamba wiki ile nina faili za Bungoma za kupeleka, na kwamba Bungoma iko karibu na mambo mengi. Nilimpenda mtu yule kwa namna yake ya kutoa ruhusa bila kuitoa. Nami niliapa moyoni kwamba sitarudi na jibu la labda. Kama ni ndugu, nimwambie Nafula kwa mdomo wangu. Kama si ndugu, hakuna mzee atakayewatenganisha mimi nikiwa hai.

Nilianza na baba yake, Mwalimu Barasa, mtoto mkubwa wa Nabalayo. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, anaishi nje kidogo ya mji wa Bungoma, na alikuwa akivaa tai hata akiwa nyumbani anasikiliza redio. Alinikaribisha vizuri. Vitambaa vya kochi vilikuwa vyeupe hata nikaogopa kuegemea.

"Mama yangu ni wa Kamukuywa," alisema kabla sijauliza. "Inaniuma kwa ajili ya mtoto wangu. Lakini siwezi kumkana mama yangu ili binti yangu aolewe."

Nilikuwa nimejiandaa. Mtu anaweza kudanganya kuhusu baba yake, lakini kwetu mjomba haazimwi. Kijana anapokaribia kutahiriwa huenda kwa ndugu wa mama yake. Mjomba anachinja ng'ombe, anakata ukanda wa nyama, anamvisha shingoni, ukanda unaning'inia kifuani, na kijana anarudi nao kwao watu wakiimba. Ukanda huo ndio luliki. Ukijua luliki ya mtu ilitoka wapi, umejua mama yake ni wa wapi.

"Mwalimu," nikamwuliza, "luliki yako ulivishwa wapi?"

Aliweka kikombe chini taratibu sana. "Hayo si maswali ya mwanamke."

"Ni kweli, mwalimu. Nimeuliza kama karani."

Alinyoosha tai yake. "Kamukuywa," akasema. "Nilivishwa Kamukuywa. Umeridhika?"

Sikuridhika, kwa hiyo nikaenda Kamukuywa na sukari yangu. Msemaji wao alikuwa Mzee Khaemba, ndugu wa babu yake Wekesa, mtu mwenye sauti ya kuuza ng'ombe. "Ee, hiyo ni kweli kabisa," alisema. "Huyo mwalimu tulimvisha hapa. Mimi nilikuwa kijana, nilikula hiyo nyama kwa mdomo yangu. Nabalayo ni dada yetu. Wacha watu waseme, watachoka." Akanionyesha mahali nyumba ya mama yake Nabalayo ilipokuwa. Kwa namna alivyokanyaga pale, polepole, niliona kwamba mzee huyu hadanganyi. Aliamini kila neno.

Nilirudi Kitale nimekata tamaa, siwafichi. Nilimwambia Nafula mambo bado, kisha nikaenda nyuma ya msikiti kwa Bwana Ramadhani, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na miguu inamsumbua. Akatoa sinia. Nikampangia ukoo wa chifu wote, mahindi na maharagwe. Akauliza lile lile alilouliza siku ya kwanza.

"Hapa hakuna ndengu, Bwana Ramadhani. Wote wapo."

"Nabalayo alizaa wavulana wangapi?"

"Mmoja, Mwalimu Barasa. Na wasichana. Kulikuwa na kijana wa pili lakini wanasema alipotea."

"Alipotea wapi?"

Swali hilo sikuwa nimemwuliza mtu. Nikatoa simu, nikampigia shangazi yake Nafula, nikamwuliza. Kwanza alikohoa. Kisha akasema, "Aii, si kupotea kupotea. Wanjala aliingia Uislamu, bana. Sisi tunasemanga tu alipotea. Yuko hapo hapo kwenu Kitale, anashonanga magodoro karibu na msikiti. Saa hii anaitwa Ismaili."

Nilirudia maneno hayo kwa sauti. Bwana Ramadhani alipiga goti lake. "Ismaili wa magodoro! Mtu huyu tunasalimiana kila Ijumaa! Godoro unalokalia ni lake!" Akacheka mpaka akakohoa, kisha akachukua ndengu moja, akaiweka chini ya haragwe la Nabalayo.

Ismaili nilimkuta kibarazani pake amezungukwa na pamba, kofia nyeupe, uso wa Mwalimu Barasa kabisa ila umelainika. Bwana Ramadhani alinitambulisha. Nilipotaja jina la Nabalayo, sindano ilisimama.

"Muda mrefu sijasikia mtu akimtaja mama yangu," alisema. "Sikufukuzwa, mama. Nilitoka tu. Lakini ukitoka, watu wanasahau kukuuliza."

"Mimi nimekuja kukuuliza. Luliki yako ulivishwa wapi?"

Akatazama barabarani kwanza. "Naitiri," akasema.

Nikahesabu kwa vidole. Ndugu wawili wa tumbo moja, luliki mbili, koo mbili. Jambo kama hilo haliwezekani, ila kama mmoja alivishwa kwa makosa. Nikamwomba anieleze, na akaeleza huku anashona, bila kuinua macho.

Kaka yake ndiye aliyetangulia. Alivishwa Kamukuywa, akatahiriwa, hakutikisika hata kope. Lakini kidonda kilikataa kupona. Wenzake walitoka jandoni, wakavaa nguo mpya, wakasherehekewa, yeye akabaki ndani analia kwa maumivu. Watu wakaambiwa ni malaria. Ndipo Nabalayo, yule mama wa viatu, akaenda kumpigia chifu magoti. Akamwambia kwamba yule mzee wa Kamukuywa aliyemwoa mama yake alimlea kama wake tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, hakumwita wa kambo hata siku moja, na yeye alinyamaza kwa kumheshimu. Baba yake wa damu alikuwa wa Naitiri. Mtoto alikuwa amevishwa nyama ya watu wasio wajomba zake. Wazee wawili wa siri wakaitwa wakafanya walilofanya, na kidonda kikapona.

"Zamu yangu ilipofika," Ismaili akasema, "nilipelekwa Naitiri. Ng'ombe alikuwa mwekundu. Damu ilishuka mpaka kwa kitovu. Lakini hatukuimba njiani. Nilirudishwa kimya kimya kama mwizi, na kaka yangu alikuwa amesimama kwa mlango, anaangalia hiyo nyama kwa shingo yangu. Hatukuongea. Ila baadaye aliniambia, Wanjala, ukisema, watu wa rika langu wataniimba mpaka nife. Watasema mimi ni nusu. Nikamwahidi."

"Nafula anajua?"

"Nafula ni nani?"

Nilipomwambia ni binti wa kaka yake, kwamba anafanya kazi mtaa wa pili tu kutoka hapo, na kwamba ahadi hii ndiyo inayomkosesha mume, mzee alifunika uso kwa kofia yake. "Nitakuja ukiniita," alisema. "Lakini sitafungua mdomo bila ruhusa yake. Nilimwahidi."

Nilikwenda Naitiri kwa uhakika. Mzee Simiyu, mkuu wa nyumba ile, alikuwa amezeeka sana na macho yamefifia, lakini nilipotaja Nabalayo alikaa wima. "Huyo ni mtoto yetu alibebwa," alisema. "Mama yake alikosana na hii boma akaenda naye. Kijana wake ndogo tulimvisha hapa, mimi ndiye nilishika kamba ya ng'ombe. Mkubwa tulimngoja." Akageuza uso kuelekea mlangoni. "Ulisema unatoka kwake? Mwambie hajafika."

Sasa nilikuwa na jibu. Nilimpa Nafula yote, kwa sababu yalikuwa yake. Nilidhani atarukaruka. Badala yake akasema, "Basi wacha, Mama Selina. Baba ni mzee. Afadhali nimkose Wekesa kuliko baba achekwe."

"Hiyo si kazi yako kuamua," nilimwambia, na niliisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. "Na wala si yangu. Ni yake. Acha tumpe nafasi ya kuamua."

Wazee walikuwa wamepanga kikao cha mwisho nyumbani kwa Mwalimu Barasa, kuvunja uchumba rasmi. Sikutaka kumvizia mtu. Siku mbili kabla nilienda kwake, nikasimama mlangoni, nikamwambia: "Mwalimu, nimekutana na Wanjala. Atakuja kwenye kikao. Hatasema kitu, ameniambia alikuahidi. Mimi pia sitasema. Nimekuja tu ujue."

Rangi ya uso wake ilibadilika. "Toka kwangu," alisema.

Nilitoka. Lakini hakuahirisha kikao, na mimi nilishikilia hilo.

Siku ile sebule ilijaa. Watu wa Kamukuywa upande mmoja, Mzee Khaemba katikati yao amevaa koti la sherehe. Watu wa chifu upande wa pili. Wekesa na Nafula wamekaa kwenye viti vya plastiki karibu na mlango kama wanafunzi waliochelewa. Mwalimu alikuwa na tai yake. Tulipoingia na Ismaili katika kanzu, mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Shangazi akaenda jikoni, akarudi na kiti, akakiweka kwa kishindo katikati ya wanaume. "Keti," akamwambia. "Hii ni nyumba ya mtoto wa mama yako."

Mzee Khaemba akasafisha koo. "Haya maneno tumeshamaliza. Nabalayo ni dada yetu. Hawa watoto wasahauliane, basi, tukunywe chai."

Niliomba ruhusa ya swali moja. Baadhi walinung'unika, lakini walinipa. "Nataka kujua tu," nikasema, "Nabalayo alizaa wavulana wangapi?"

"Mmoja," akasema Mzee Khaemba. Kisha akamtazama Ismaili, akatazama uso wa Mwalimu, akautazama tena wa Ismaili. Nyuso zile hazikuhitaji karani. "Ama wawili," akajirekebisha.

Ismaili alisimama. Sijui alitaka kusema nini. Mpaka leo anasema alitaka tu kuaga aondoke. Lakini Mwalimu Barasa aliinua mkono.

"Keti, Wanjala," alisema. Alimwita kwa jina la utoto. "Hayo ni yangu kusema."

Alisimama wima, mikono nyuma, kama anayesoma matokeo ya mtihani mbele ya shule nzima. Akasema yote. Luliki ya Kamukuywa, kidonda, malaria ambayo haikuwa malaria, mama yake akipiga magoti, ndugu yake kurudishwa bila nyimbo. Sauti ilimkatika mara moja tu, aliposema, "Nilifundisha watoto wa watu wasiseme uongo, na jioni nikirudi nyumbani nautunza wangu." Kisha akamgeukia Nafula. "Mama, mimi ndiye nilikuwa nakukataza. Si mila. Ni woga wangu."

Kijana mmoja kwenye kona alianza kucheka kwa pua. Mzee Khaemba alimgeukia na macho ambayo sijayasahau, na kicheko kikafa. Mzee akasimama.

"Mwalimu," alisema, "hiyo nyama niliikula mimi. Hatukujua. Wallahi hatukujua." Mkristo wa miaka yote, lakini neno lililomjia ni hilo. "Basi sisi ndio tulikuumiza."

"Mlimlea mama yangu," Mwalimu akajibu. "Hamkuniumiza."

Wazee walijadiliana kwa muda mrefu. Wengine walisema kulea ni kuzaa, wengine walisema marufuku ni ya damu na damu imeonekana. Mzee Khaemba hakuchangia. Mwisho alisema kwa huzuni ya kweli, "Kwa hivyo leo tunapoteza dada."

Shangazi alikuwa akipita na birika. "Mnapoteza dada, mnapata bibi," alisema. "Mjukuu yake anakuja kuzaa kwenu. Si ni yeye huyo amerudi?"

Hapo hata Mzee Khaemba alicheka, akifuta macho, na Nafula akamkumbatia Wekesa mbele ya wazee wote, jambo ambalo siku nyingine lingehitaji kikao chake.

Wafula, hapo ndipo wasomi wako wangeweka kalamu chini. Swali limejibiwa, Nabalayo ni binti wa Naitiri, faili ifungwe. Mimi sikuifunga, kwa sababu nilikuwa na ujumbe ambao sijaufikisha. Watu walipokuwa wakinywa chai nilimwendea Mwalimu, nikamwambia, "Kuna mzee Naitiri anasema alikungoja, na hujafika."

Akainua kikombe chake, akanywa. Lakini Jumamosi iliyofuata Nafula alinipigia simu nivae gambuti.

Tulienda kwa gari la Wakili, Mwalimu kiti cha mbele na tai yake, mimi na Nafula na Ismaili nyuma. Njia nzima aliuliza swali moja tu, kama huko Naitiri wanamfahamu. Tulipofika, ng'ombe alikuwa amefungwa uani. Wazee wa pale walibishana: mtu mzima mwenye wajukuu havishwi, haijawahi kuonekana, watu watasema nini. Mzee Simiyu aliwasikiliza wote na macho yake yaliyofifia, kisha akasema, "Mimi ni mjomba ama si mjomba?" Wakampisha.

Ng'ombe alichinjwa. Safari hii Ismaili ndiye aliyeshika kamba. Ukanda ulikatwa, na Mzee Simiyu akaongozwa kwa mkono mpaka mbele ya Mwalimu Barasa, akapapasa kichwa chake chenye mvi, akapapasa tai, akacheka kidogo, akamvisha. Mwalimu alisimama bila kutikisika, macho mbele, kama wavulana wanavyofundishwa. Nyama ikalala juu ya tai, damu ikalowesha shati jeupe. Ndipo Ismaili, Mwislamu mzima na kofia yake, akaanza ule wimbo ambao yeye mwenyewe hakuimbiwa, na wanawake wa Naitiri wakaudaka.

Mwalimu hakuivua kwenye gari. Nafula alitoa leso, akainama mbele kumfuta shati.

"Acha, mama," baba yake akamwambia. "Iache ikauke. Nataka wanione nikiingia nyumbani."